Majina Manane ya Mwisho

Ukitaka kumjua Kempamma, anza na mgongo wake. Miaka kumi na tisa alikaa sakafuni amekunja miguu, kibao mapajani, akisokota vijiti vya udi pamoja na wanawake wengine wa mtaa wake pale Mysuru. Unga mweusi wa udi umemjaa kuchani, kichwa kimeinama tangu kahawa ya asubuhi hadi jua linapokuchwa. Eti ni kazi ya kukaa tu, husema wale wasioifanya. Wacha waseme. Alipofika miaka thelathini na minne, Kempamma alikuwa hawezi kuinua ndoo ya maji bila kumwita mama yake, na mama yake alikwishafariki zamani.

Akaachana na udi, akapata kibarua cha kufagia kwenye ukumbi wa yoga mtaa wa pili. Mwenye ukumbi alikuwa mtu mpole, si wa maneno mengi. Akamwona anavyopanda ngazi kashika kiuno, akamwambia, "Ukimaliza kufagia simama pale nyuma, fanya kama wenzako." Basi, hayo tu. Kempamma akachomeka pindo la sari kiunoni, akasimama nyuma, akafanya kama wenzake kwa miaka kumi na mmoja. Siku aliyotoka bombani na ndoo mbili kwa mpigo, jirani yake Noorjan, aliyekuwa bado anasokota, aliacha kijiti mkononi akamkodolea macho.

"Wee Kempi, umekunywa dawa gani?"

"Sijanywa kitu, shoga. Nimejikunja."

"Basi nikunje na mimi, maana huu mgongo si wangu tena, ni wa mwenye kiwanda."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili wanawake kumi na wawili, wasokota udi watupu, wakawa wanakutana uani kwa Noorjan, Kempamma mbele yao. Migongo ikaanza kufunguka. Habari zikamfikia daktari wa zahanati ya serikali, mwanamke kijana aitwaye Poornima, naye akaja kutazama kwa macho yake. Akasema zahanati inatafuta mwalimu wa yoga wa kuwafundisha wasokota udi kila asubuhi, na kazi hiyo ni ya Kempamma, ila kwanza apate cheti. Mtihani ni kuonyesha mikao arobaini mbele ya watahini watatu, na kutaja kwa Kisanskriti, wazi, jina la kila mkao watakaouchagua. Asipofaulu ataletwa kijana mmoja wa kiume mwenye cheti kutoka Bengaluru.

"Mwanamume!" Noorjan aliguta. "Nikainame mbele ya mwanamume nisiyemjua, makalio juu? Mume wangu atanitoa nyumbani, na wala sitamlaumu."

Hakuna hata mmoja angekwenda. Kempamma alilijua hilo vizuri, na ndiyo sababu aliingia mtihanini mara ya kwanza akiwa amewabeba wote kumi na wawili moyoni. Mwili wake ulifanya yote arobaini bila kasoro. Ulimi ndio uliomwangusha. Yeye ni mtoto wa wakulima wa miwa upande wa Mandya, na watu wa huko hawana mazoea na pumzi ya "h". Hawaisemi, huiruka kama dimbwi. Akasema Bujangasana badala ya Bhujangasana, ule mkao wa nyoka aliyeinua kichwa, na mtahini mmoja kijana akacheka waziwazi. Kempamma akababaika. Akadhani dawa ni kuongeza zile pumzi alizoziacha, akaanza kuzipachika kila mahali, hata pasipokuwa na haja. Mbwa anayetazama chini, Adho Mukha Svanasana, akamwita Hadho. Hapo wakacheka wawili. Akaambiwa arudi awamu ijayo, na Daktari Poornima akamwambia kwa upole kwamba nafasi itamngoja awamu hiyo moja tu.

Alilia njia nzima. Mumewe Siddaraju, mpakiaji wa magunia, alimwandalia ugali wa ulezi mwenyewe siku ile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, na ugali ukatoka na mabonge. Wakaula hivyo hivyo.

Sasa, ng'ambo ya ukumbi wa yoga ilikuwapo nyumba ya Mwalimu Vaidehi. Miaka sabini na sita, mjane, miaka thelathini na mitano kafundisha Kisanskriti shule ya wasichana. Wasichana wake wengine ni mabibi sasa, na bado wakimwona dirishani hunyoosha sari. Mtaa mzima ulimwogopa kwa mdomo wake. Asubuhi moja Kempamma alikuwa amechuchumaa kwenye kizingiti cha ukumbi, anachora maua kwa unga mweupe kama kila alfajiri, huku anakariri majina yake kwa sauti. Dirisha la ng'ambo likafunguka pwaa.

"Wewe mwanamke! Unamchinja nani hapo?"

Unga ukamtoka mkononi. "Simchinji mtu, Mwalimu. Nakariri majina."

"Huko si kukariri, ni mauaji. Siku ya tatu hii nakusikia, kahawa hainipiti kooni. Hebu njoo hapa."

Akaenda. Utamkatalia nani? Akasimama chini ya dirisha na bakuli lake la unga, kama mtoto aliyekamatwa na embe la watu.

"Sema Bhujangasana."

"Bujangasana."

"Nyoka wako amekufa. Hana pumzi. Weka huo unga wako kiganjani, uweke karibu na mdomo. Sema bha. Unga usiporuka, hujasema kitu."

Kempamma akasema. Unga ukatulia tuli. Akasema tena, akasema mara kumi, na ya kumi na moja unga ukaruka wote ukamwingia Mwalimu Vaidehi machoni. Kempamma akajua leo ndiyo leo. Lakini bibi yule alijifuta kwa pindo la sari, akapiga chafya mbili, akasema, "Naam. Huyo sasa ni nyoka. Kesho uje saa hii hii."

Alikuja kesho, na kesho kutwa, na miezi mitatu iliyofuata. Hakuna daftari, hakuna kalamu. Mwalimu anasema mara moja, mwanafunzi anasema mara mbili, vile vile, na akikosea wanarudi mwanzo. Ndivyo baba yake Vaidehi alivyomfundisha, na baba wa baba yake kabla ya hapo. Siku Kempamma alipotoa ile Hadho yake, Vaidehi alimtazama kwanza.

"Hiyo h umeiokota wapi?"

"Nilifikiri, Mwalimu, kwa kuwa nimekuwa nikizisahau, bora niziongeze."

Bibi alicheka hadi akashika fremu ya dirisha. "Watu wa kwenu nyie! Mkiambiwa mmenyima chumvi, mnamwaga gunia zima!" Na Kempamma, aliyelia kwa kicheko cha watahini, safari hii alijikuta anacheka naye. Kicheko hiki kilikuwa cha mtu aliye upande wake. Nyumbani alipuliza kila kitu, chapati, taa, kisogo cha mumewe, mpaka Siddaraju akasema, "Mke wangu, hata kikohozi chako siku hizi ni cha Kisanskriti."

Malipo Vaidehi hakutaka kuyasikia. Kempamma alijaribu kumletea hata siagi ya kwao, akafukuzwa nayo. Alikuwa na sharti moja tu, nalo halikuwa na mjadala. Kuna siku za mwezi ambazo hafundishi: siku ya nane na ya kumi na nne za kila nusu mwezi, siku ya mwezi mpevu, siku ya mwezi kiza, ule ambao hauonekani kabisa, na siku ya kwanza inayofuata. Hata ukumbi wa yoga hufungwa siku za mwezi mpevu na mwezi kiza. Kempamma hakuuliza sababu. Mambo ya wasomi, alijisemea, yana wenyewe. Ila siku hizo ziliwalia muda, na Vaidehi alikuwa tayari kukaa wiki nzima juu ya sauti moja. Miezi mitatu ilipotimia walikuwa na majina thelathini na mawili. Yalibaki manane, na wiki mbili mkononi, muda wa kutosha wakikaza mwendo.

Ndipo ikaja barua. Mtihani umeletwa karibu. Si wiki mbili tena, ni keshokutwa saa nne asubuhi.

Kempamma aliisoma pale pale kwenye ngazi za ukumbi, herufi kwa herufi, mara mbili kuhakikisha. Kisha akavuka barabara mbio bila kutazama pikipiki.

"Mwalimu! Mwalimu, wameuleta karibu! Keshokutwa! Nifundishe yale manane leo, nitakaa hapa mpaka jioni, nakuomba."

Vaidehi alikuja dirishani polepole. Akatazama barua, akatazama kalenda ukutani, na uso wake ukafunga.

"Leo ni siku ya kumi na nne."

"Najua, Mwalimu, lakini—"

"Sifundishi leo. Na kusoma usisome, hata peke yako. Umesikia? Nenda nyumbani."

"Mwalimu, kesho nayo ni mwezi kiza! Halafu ni mtihani! Nitajifunza lini?"

"Nimesema nenda."

Dirisha likafungwa. Jamani! Kempamma alisimama pale akiwa haamini. Miezi mitatu ya unga usoni, na leo amefungiwa dirisha kwa ajili ya kalenda. Alifika kwake akamwaga yote kwa Noorjan, na Noorjan hakumung'unya maneno.

"Ndivyo walivyo hao wasomi. Wanakupenda mpaka siku unayowahitaji."

"Usimseme hivyo," Kempamma alisema, lakini moyoni alikuwa akimsema hivyo hivyo. Usiku ule alijua kwamba amefeli hata kabla ya kuingia.

Kesho yake, siku ya mwezi kiza, ukumbi ulikuwa umefungwa. Kempamma akakaa uani kwa Noorjan kati ya wasokota udi, akiwasaidia kusokota ili mikono isikae bure. Wote walijua kinachoponyoka. Mara kelele za mlangoni zikakoma, watoto wakapisha, na kwenye uchochoro ule wa matope akatokea bibi mwembamba, sari imebanwa mkononi isiguse chini, fimbo mkono mmoja, chupa ya kahawa mkono wa pili, jasho linamtoka.

"Mbona hamna hata namba za nyumba huku?" Mwalimu Vaidehi alifoka. "Nimeuliza watu saba!"

Kempamma aliinuka, kibao kikamwanguka mapajani. Tangu Vaidehi astaafu hakuwa amepita duka la kona.

"Mwalimu! Umekuja kwa miguu?"

"Hapana, nimeruka. Nipe pa kukaa."

Noorjan akaleta kigoda, akakipangusa kwa nguo yake mwenyewe. "Karibu, Mama. Chai yetu sisi Waislamu haina sumu, nikuletee?"

"Najua haina sumu. Na kahawa pia haina," Vaidehi akasema akifungua chupa yake, na wanawake wakaanza kucheka kwa woga. "Haya, Kempamma. Kaa mbele yangu. Jina la thelathini na tatu."

"Lakini Mwalimu, leo ni mwezi kiza. Jana ulinikatalia, na leo si ndiyo siku mbaya zaidi ya zote?"

"Mwalimu ni nani hapa?"

"Ni wewe."

"Basi nyamaza usikie. Setu Bandhasana."

Huo ni mkao wa daraja. Kempamma akasema mara mbili, pumzi ikakwama. Vaidehi akarudia. Wanawake waliendelea kusokota, maana udi haungoji, lakini bila kuambiwa na mtu wakaanza kuitikia nao, mara mbili mbili, kwa mwendo wa viganja kwenye ubao. Noorjan, ambaye Kiurdu chake kimejaa pumzi za aina hiyo, alilitoa jina lile safi kabisa mara ya kwanza.

"Ala!" Vaidehi akageuka. "Huyu ulimficha wapi?"

"Nimezaliwa nazo, Mama," Noorjan akasema, kichwa kimemvimba. "Kempi, shoga, nikafanye mtihani kwa niaba yako?"

"Usokote udi wako," Kempamma akamjibu, na wivu ukamtia nguvu. Jina la nne kati ya yale manane halikumsumbua. La sita lilimtoa machozi, wakalirudia mara arobaini. Kufikia adhuhuri uani mle palikuwa na wanawake kumi na watatu wanaotaja mkao wa jogoo na mkao wa mtoto tumboni kwa Kisanskriti cha kumridhisha mtu aliyekifundisha miaka thelathini na mitano. Vaidehi alinywa kahawa yake ya mwisho, akasimama kwa shida, akakataa kusindikizwa zaidi ya barabarani. Kila hatua chache alisimama akaegemea fimbo, akatazama angani. Kempamma alidhani ni uchovu.

Siku ya mtihani watahini walikuwa watatu tena, lakini yule aliyecheka hakuwepo. Mahali pake alikaa mzee mwenye mistari mitatu ya majivu kipajini, macho nusu yamefumba. Kempamma alianza. Nyoka alipumua. Mbwa alitazama chini bila pumzi ya kuazima. Mwishoni mzee akafumbua macho.

"Haya ya mwisho umeyasema tofauti. Kama kitu kilichotoka jikoni sasa hivi. Umejifunza lini?"

"Jana, bwana."

"Jana?" Mzee akainuka kitini. "Jana mwezi kiza? Kuna mtu alikufundisha jana? Huyo mtu amesoma kweli?"

"Amesoma kuliko wote ninaowajua," Kempamma akasema, na sauti yake ikapanda, maana hapo hakuogopa tena mtihani. "Ni Mwalimu Vaidehi. Juzi alinikatalia, akanifungia dirisha. Jana akaja mwenyewe kwangu kwa miguu."

Mzee akaketi tena polepole, wenzake wakaanza kupanga karatasi.

"Mama," akasema mwishowe, kwa upole, "hukuambiwa? Sisi tuliosoma njia ya zamani tunafundishwa hivi tangu utotoni. Kusoma siku ya kumi na nne kunamuua mwanafunzi. Kusoma siku ya mwezi kiza kunamuua mwalimu. Wengine hawaamini. Huyo mwalimu wako, kama ni wa njia hiyo, anaamini kama anavyoamini moto unachoma."

Kempamma hakusikia walipomwambia amefaulu. Ilibidi waseme mara ya pili. Alichukua karatasi yake akatoka, na barabarani akaanza kukimbia, mama wa miaka arobaini na mitano na sari ya sikukuu, watu wanamgeukia. Juzi hakunyimwa. Juzi alilindwa. Na yeye akalala amenuna! Alikimbia akimwomba kila mungu anayemjua, na yule wa Noorjan pia, amkute bibi yule hai.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Akapiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Nani anabomoa?" ikatoka sauti ndani. "Mlango huo una miaka themanini!"

Vaidehi akafungua, kikombe mkononi. Kempamma akaanguka chini, akaishika miguu yake, akalia bila kujizuia.

"Umefeli?"

"Nimefaulu, Mwalimu. Nimefaulu. Kwa nini hukuniambia?"

Vaidehi akaelewa. Akatazama pembeni, kwenye kalenda. "Ningekuambia, ungekaa ukajifunza?"

"Nisingekaa hata kidogo!"

"Ndiyo hivyo. Wewe una watu kumi na wawili wanaokungoja. Mimi nina kahawa." Akavuta pua. "Waliyauliza yote manane?"

"Matatu tu."

"Matatu!" Bibi alishtuka kweli kweli. "Nimeweka roho yangu rehani kwa matatu? Watahini gani hawa? Inuka, inuka. Keti hapo unisemee yote manane nisikie kama bado unayo, tangu daraja."

Kempamma alijifuta uso, akaketi sakafuni mbele yake kama alivyozoea. Kifua kilimjaa shukrani hadi ikawa kama maumivu, na hakuwa na cha kumpa mtu huyu, hakuwa na chochote duniani kinachotosha. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Leo hapana, Mwalimu."

"Hapana nini?"

"Leo ni siku ya kwanza ya mwezi. Sisemi hata moja. Kesho."

"Wewe unanifundisha mimi kalenda?"

"Nakufundisha," Kempamma akasema. "Kaa unywe kahawa yako, uishi."

Vaidehi akamtazama, midomo ikamcheza kama mtu anayetafuta kosa na kulikosa. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha pili, na wakakaa pale sakafuni wote wawili mpaka saa sita bila kutaja jina hata moja.